Nyumba Moja Tanga, Nyingine Maskati

Tunaandika haya tukiwa wawili, mume na mke, kwa kalamu moja. Mengi ya tutakayoyasimulia tuliyapitia pamoja. Pale ambapo kila mmoja ana upande wake wa kisa, tumekubaliana kuusema bila ya kumhukumu mwenzake. Tumeona tuyaandike katika ukurasa huu wa familia kwa sababu tunajua kuwa wapo ndugu wengi walioko ughaibuni, na wengine wanaofunga mizigo kwenda, ambao wanaishi kama tulivyoishi sisi mwaka wetu wa kwanza.

Tulifika Maskati, mji mkuu wa Oman, miaka minne iliyopita. Mume alikuwa amepata kazi ya uhasibu katika ghala la kampuni moja. Mke, mzaliwa wa Rufiji aliyekuwa akifundisha shule ya msingi Tanga, aliacha kazi yake akamfuata. Kibali chake kilikuwa cha kuambatana na mumewe tu, hakikumruhusu kuajiriwa. Tuliwaaga wazee kwa ahadi fupi: miaka mitatu, nyumba ikamilike, turudi. Kiwanja tulikuwa nacho Pongwe na msingi ulikwisha kuchimbwa.

Ahadi hiyo ndiyo iliyotutawala. Tulikuwa na daftari moja lenye jalada jeusi, na kila riali iliyoingia iliandikwa humo ikiwa imekwisha kugeuzwa kuwa saruji, nondo au tofali. Tulipanga chumba na sebule mtaa wa Ruwi, wanakoishi wafanyakazi wengi wa kigeni. Dirisha letu lilitazama ukuta wa jengo jingine na safu ya viyoyozi vinavyodondosha maji. Mume alitoka alfajiri na kurudi Magharibi. Mke alibaki na ukuta ule.

Huko siku za mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi. Ndivyo ilivyo tangu mwaka 2013, kwani kabla ya hapo zilikuwa Alhamisi na Ijumaa. Ijumaa tulisali, tukapika, tukapiga simu nyumbani. Jumamosi tulilala. Tulilala kwa sababu kulala hakuna gharama. Mtu akituuliza Oman kukoje, tulimjibu kuwa kuna joto. Hatukuwa na jingine la kumwambia, maana tulizijua njia mbili tu, ya dukani na ya msikitini.

Tulikuwa katika mwaka wa sita wa ndoa na Mwenyezi Mungu hajatujaalia mtoto. Katika nyumba yenye watoto, kimya cha wazazi huvunjwa na watoto. Kwetu hakikuwa na wa kukivunja. Usiku mmoja, mume akiwa amelifungua daftari, mke aliuliza: "Nyumba hiyo ina vyumba vingapi?" Mume akajibu kuwa ina vinne. Mke akauliza tena: "Na sisi tutakaa humo tukizungumza nini?" Kisha akaomba akatiwe tiketi ya kurudi Tanga.

Mume alikasirika kwanza, na baadaye akaona haya. Aliijua bei ya nondo Tanga ya wiki ile, lakini hakujua kuwa mkewe hakuwa ametoka nje ya jengo kwa siku kumi na moja. Hatukuikata tiketi usiku ule, ila hatukuifuta habari yake. Tuliahirisha tu.

Jumamosi iliyofuata, baada ya Alasiri, tulipanda basi la mji tukaenda Muttrah, ambako ni karibu sana na Ruwi. Tulikuwa tumekaa mwaka mzima pasipo kufika. Muttrah ni bandari ya zamani. Upande mmoja ipo bahari, upande wa pili nyumba nyeupe, na nyuma yake majabali meusi yasiyo na hata kichaka. Juu ya kilima cha Riyam limejengwa chetezo kubwa mno, lionekanalo tangu mbali, kana kwamba mji mzima unafukizwa. Tulitembea kandokando ya maji hadi miguu ikachoka, kisha tukaingia sokoni.

Soko la Muttrah ni vichochoro vilivyoezekwa, na wenyeji huliita Soko la Giza. Humo huuzwa ubani wa Dhofar, udi, vilemba, majambia na fedha. Mke alisimama kwenye duka la ubani, akanusa, akanong'ona kwa Kiswahili kuwa harufu ni ileile ya harusi za Tanga lakini bei ya mzee huyu ni ya watalii. Mzee, bila ya kuinua kichwa, akajibu kwa Kiswahili safi cha Unguja: "Bei ya watalii ni ya watalii. Nyinyi njooni mketi." Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Tuliporudi kwenye basi, mume alikumbuka kuwa hakuwa amesikia kicheko cha mkewe tangu uwanja wa ndege.

Matumizi yote ya siku ile, nauli, chai mbili za maziwa zenye hiliki na pakiti ndogo ya ubani, hayakufika riali tatu. Usiku tuliweka masharti manne. Kila Jumamosi tutatoka, na katika miezi ya joto kali tutatoka asubuhi na mapema au baada ya Magharibi. Matumizi hayatazidi riali tano, na chakula kitatoka nyumbani. Safari ya mbali itasubiri hadi fedha za wiki tatu zikusanyike. Tutachagua kwa zamu, na asiye na zamu halalamiki. La mwisho, habari za nyumba ya Tanga hazitazungumzwa mpaka tumerudi. Mke aligeuza daftari jeusi, akaanza kuandika kutoka nyuma: "Jumamosi ya kwanza, Muttrah."

Mwaka wa pili tulinunua gari kuukuu na nchi ikafunguka. Ijumaa moja tulivunja utaratibu wetu, tukaondoka baada ya sala ya Alfajiri kwenda Nizwa, mji wa ndani uliokuwa makao ya Maimamu, kwa sababu mnada wa mifugo hufanyika asubuhi ya Ijumaa. Watu husimama kwa duara, na wenye mbuzi huzunguka ndani ya duara hilo wakivuta kamba au wakiwa wamepakata vitoto, huku wakitaja bei kwa sauti. Mnunuzi hushika mbuzi, hufunua mdomo kutazama meno, hupapasa mgongo. Walikuwamo akina mama wa jangwani waliovaa barakoa, wakibishana bei kuliko wanaume. Mume, aliyekulia kwa babu mfugaji, alimweleza mkewe kwa nini mbuzi yule amekataliwa na yule mwingine amegombewa. Ni mambo ambayo hakuwahi kumsimulia katika miaka saba.

Ngome ya Nizwa, yenye mnara mnene wa mviringo, ilijengwa karne ya 17 na Imam Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaarubi. Juu ya milango yake yapo matundu ambamo walinzi waliwamwagia maadui asali ya tende iliyochemka. Tulisali Ijumaa hapo mjini. Wengi wa watu wa huko ni Ibadhi, nao husali mikono ikiwa imenyooka pembeni. Mume alifunga yake kifuani kama alivyofundishwa chuoni Tanga, na hakuna aliyemtazama mara mbili.

Alasiri tulikwenda Falaj Daris, nje kidogo ya mji. Falaj ni mfereji unaoleta maji kutoka chemchemi au chini ya ardhi mpaka mashambani bila ya pampu, kwa mteremko tu. Mitano ya Oman, ukiwamo huo, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Kilichotushangaza ni namna ya kugawana. Mkulima hapewi kiasi cha maji, hupewa muda. Zamani zamu zilipimwa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Zamu yako ikifika, maji yote ni yako; ikiisha, unaziba upande wako na jirani anafungua wa kwake. Tulikaa miguu ikiwa majini, na mke akasema kuwa yeye hakuwahi kuwa na zamu. Alisema kwa upole, wala hakuwa akilalamika. Tangu wiki ile, saa moja baada ya Isha simu huzimwa na daftari hufungwa.

Tusije tukamdanganya msomaji kuwa kila safari ilikuwa ya raha. Mara moja tulikwenda Wadi Shab, bonde lililo kwenye barabara ya pwani kuelekea Sur, ambako mtu huvushwa kwa mashua ndogo kisha akatembea kwenye mawe hadi kwenye maziwa ya maji ya kijani. Juu yetu anga lilikuwa jeupe. Mwenyeji mmoja aliyekuwa akitoka na wanawe alitunyooshea kidole milimani, ambako kulikuwa na weusi mdogo, akatuambia turudi upesi. Mume alitaka tuendelee, kwa kuwa tumekwisha kulipa riali ya mashua na kuchoma mafuta ya safari nzima. Mke alikataa, akageuka peke yake. Mume akamfuata akinung'unika. Hatukuwa tumemaliza kukausha miguu pale kwenye gari wakati maji yaliposhuka bondeni, mekundu, yamebeba matawi. Mvua ilinyesha mbali, sisi haikutugusa hata tone. Njiani mume aliomba radhi, na si kwa habari ya siku ile peke yake. Alikuwa amezoea kuhesabu kilichokwisha kulipwa.

Safari ya Sur ilikuwa zamu ya mke. Sur ni mji wa mabaharia na waunda majahazi. Kwenye karakana tuliwaona mafundi wakiunganisha mbao za msaji kutoka India, wakianza na ubao wa nje kabla ya mataruma ya ndani. Majahazi ya mji huu yalikuja pwani yetu kwa upepo wa kaskazi yakiwa na tende, chumvi na samaki wakavu, na yakarudi na kusi. Katika nyumba moja ya zamani mke aliinua macho darini akanyamaza. Dari lilikuwa la boriti nyembamba, zimepangwa kwa karibu. Mwenye nyumba akasema kuwa hizo zilitoka Afrika. Mke alijibu kuwa anajua: babu yake mzaa mama alikata boriti za mikoko katika delta ya Rufiji ujana wake wote, na kila mara alipoulizwa zinakwenda wapi, alijibu kuwa zinakwenda Arabuni. Huko Arabuni alikokusema ndiko tulikokuwa tumesimama. Mke alinyoosha mkono akagusa boriti iliyokuwa karibu na mlango. Tangu siku hiyo hakuitaja tena tiketi.

Lakini aliyetugeuza kabisa ni bibi mmoja wa Al Mudayrib, kijiji cha jimbo la Sharqiyah, si mbali na Ibra. Watu wengi wa sehemu hizo waliwahi kuishi bara kwetu, Tabora, Ujiji hata Kongo, na nyumba kadhaa za fahari za kijiji hicho zilijengwa kwa mali iliyotoka huko. Tulikuwa tukitembea vichochoroni, mke akausifia mlango mmoja wa nakshi. Sauti ikatoka barazani: "Mlango huo ni ndugu wa milango ya Unguja." Alikuwa bibi, ameketi na mjukuu wake wa kiume. Tukamwamkia: "Shikamoo, bibi." Hakuitikia mara moja. Alifunika mdomo kwa upindo wa shela, kisha akasema "Marahaba" mara tatu, na akamweleza mjukuu kwa Kiarabu jambo lililomfanya kijana naye atabasamu.

Alizaliwa Tabora, akaolewa Tabora. Yeye na mumewe walikuja Oman katika miaka ya 1970, baada ya Sultan Qaboos kushika nchi na kuwafungulia milango wenye asili ya huko. Mumewe alisema watakaa miaka michache, wapate mtaji, warudi. Alitukaribisha kahawa na tende, kisha akamwagiza mjukuu alete kasha. Ndani yake vilikuwamo vikombe na sahani za udongo mweupe zenye ukingo wa dhahabu, zimefungwa kwa magazeti yaliyogeuka rangi. Mumewe alizinunua Maskati kwa ajili ya nyumba ya Tabora. Alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, bila ya yeyote kuzinywea. "Wanangu," alisema bibi, "anayengoja gari hatandiki mkeka. Sisi tuligoja gari miaka thelathini."

Kisha akauliza ikiwa miembe ya Tabora bado ipo. Tukatazamana. Hakuna kati yetu aliyewahi kukanyaga Tabora. Tulikuwa tumeujua mnada wa Nizwa na bonde la Tiwi, na nchi yetu wenyewe tuliijua kwa njia mbili tu, Tanga hadi Dar es Salaam na Dar es Salaam hadi Rufiji. Tulimwambia ukweli huo. Bibi hakutulaumu, alisema tukienda tumwangalizie.

Likizo ya mwaka jana tulifika Tanga, tukaiona nyumba imesimama hadi kwenye lenta, tukawaamkia wazee. Kisha tukapanda basi hadi Dar es Salaam na treni ya reli ya kati hadi Tabora. Tulikaa siku mbili. Tulipiga picha za miembe mingi kadiri tulivyoweza, kwa kuwa hatukujua ni upi auulizao, tukazituma kwenye simu ya mjukuu. Jibu lilikuja baada ya siku nne, sauti ya bibi mwenyewe, akizitaja njia na majirani, hajui kama wako hai. Mwishoni alisema kuwa vikombe amevitoa kashani, wajukuu wanavinywea na kimoja wamekwisha kukivunja.

Safari zetu zina gharama, na hatutaificha. Riali ishirini kwa mwezi, ukijumlisha na ile likizo ya Tabora, zimeichelewesha nyumba. Miaka mitatu imepita na bado hatujapaua. Mama mkwe alipoona picha zetu kwenye simu alisema kuwa tunastarehe na saruji imelala. Wifi mmoja aliongeza kuwa watu wasio na watoto ndio wenye nafasi ya matembezi. Neno hilo lilimlaza mke siku mbili bila ya kula. Mume alipiga simu, akawaeleza kwa adabu kuwa nyumba ya Pongwe itakwisha Inshaallah, lakini ipo nyumba nyingine aliyokaribia kuiangusha kwa mikono yake, na hiyo haina fundi mwingine wa kuijenga ila yeye. Mama alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza huyo bibi wa Tabora ana hali gani.

Hatuwezi kumpangia mtu matumizi yake. Wapo wenzetu huko wanaofanya kazi juani kwa ujira mdogo, ambao siku ya mapumziko ni ya kufua na kulala, na hao hatuna la kuwafundisha. Tunasema na wale walio kama sisi, wenye nafasi ndogo ambayo wamejinyima kwa hiari wakidhani kuwa maisha yataanza siku ya kurudi. Anzeni na mahali pa kufika kwa miguu. Fungeni chakula. Salimieni watu kwanza, na jueni Kiarabu cha kuwaombea heri. Waulizeni wenyeji kuhusu mvua kabla ya kuingia bondeni. Na mkiwa njiani, simu zikae mfukoni, mzungumze.

Sisi bado tuko Ruwi, na dirisha bado linatazama ukuta. Ziko siku ukuta ule unamlemea mke, na ziko siku mume anarudi kazini akiwa hana hata neno. Dua ya mtoto tunaiomba kila usiku. Daftari ni lilelile jeusi. Mbele kuna mabati, mbao na misumari. Nyuma ziko Jumamosi, na sasa zinapindukia mia moja na arobaini. Kurasa nyeupe katikati zimebaki chache, na Jumamosi ijayo ni zamu ya mume. Amechagua Misfat, kijiji cha udongo kilicho mlimani, lakini hajasema ni kwa nini.